Siku moja maishani mwangu: mgonjwa wa saa mbili asubuhi

Mimi ni daktari wa meno. Saa 1:30 nafika, napanga vifaa, navaa.

Saa 2 kamili anaingia mgonjwa wangu wa kwanza, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Nimempanga wa kwanza makusudi, saa hizo hamna foleni wala drili inayolia chumba cha pili. Kaja na dada yake.

"Habari za asubuhi kaka, wapi panauma?"

Dada anajibu: "Huyo haelewi dokta, ongea na mimi tu." Nikamuuliza tena kaka, dada kajibu tena. Jamani! Kuna siku natamani ganzi nimchome mlezi. Eti siku tatu anajipiga shavu na kususa chakula, "ukorofi tu". Ukorofi wapi, mtu anakuonyesha jino lake!

Basi nikashusha barakoa anione uso, nikakaa chini kidogo ya usawa wake. Maneno machache, jambo moja moja. Kioo nikampa akishike, nikakigusisha kwenye ukucha wangu, kisha wake, ndo mdomoni. "Ukiinua mkono naacha." Akainua hapo hapo hata sijamgusa, ananipima tu, nikaacha, akacheka. Aliinua mara 11 na zote niliacha, hata pale nilipobakiza kidogo tu, maana ukimdanganya mara moja umempoteza. "Haitauma" huwa silisemi hilo neno, sindano inauma bwana, nasema itachoma, tunahesabu mpaka tano, inaisha. Yeye nne anairuka, basi na mimi nikawa nairuka.

Gego la chini limeoza, fizi imejaa usaha. Nikamuonyesha kwenye kioo, nikauliza nilitoe? Akalinyooshea kidole mwenyewe. Lilitoka bila nusu kaputi. Nusu kaputi ipo na wapo wanaoihitaji kweli, ila isiwe kwa sababu mimi nina haraka.

Haraka yenyewe ikanisubiri nje, maana saa nzima ilishakwenda na foleni inanung'unika. Kuziba, kung'oa, kusafisha, chakula cha mchana sijui nilikula saa ngapi, mgongo unawaka, kuna mmoja kanifokea eti nilikuwa napiga stori.

Jioni giza limeshaingia ndo namalizia mafaili. La yule kaka nimeandika kwa daktari yeyote atakayemuona: haogopi sindano, anaogopa kile kibomba cha kunyonya mate. Ongea naye yeye. Ukihesabu, ruka nne.