Kokoto iliyovuliwa lami

Mvua za masika zilipopungua, niliokota kokoto kutoka kwenye shimo lililochimbika barabarani karibu na kwangu, Tabata, Dar es Salaam. Ilikuwa safi kana kwamba haijawahi kuguswa na lami. Majirani wanasema lami ilipunjwa wakati wa ujenzi, na huenda ni kweli. Lakini kokoto safi namna ile inadokeza kwamba maji yalipenya na kuibandua lami kwenye jiwe.

Mawe yenye silika nyingi (madini yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga), kama granaiti, huyapenda maji kuliko yanavyoipenda lami. Maji yakipata upenyo hujipenyeza kati ya viwili hivyo, na kila gurudumu la lori linalopita huyasukuma kwa nguvu ndani ya vitundu. Mawe ya chokaa, kama yale ya kilima cha Wazo jijini humu, hushikana na lami vizuri zaidi.

Dawa ninayoipendelea ni chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kokoto. Kalisi yake huungana na asidi zilizomo katika lami na kufanya chumvi zisizoyeyuka majini; zaidi ya hapo, hupunguza kasi ya lami kuzeeka. Ugumu uko katika kuitia, kwa sababu hushika vizuri zaidi ikipakwa kwenye kokoto zenye unyevu, na kuzikausha baadaye hula mafuta mengi. Ndiyo maana wengi huchagua kemikali za majimaji za jamii ya amini (zenye nitrojeni, husaidia lami kushika jiwe), ambazo kiasi kisichofika asilimia 1 ya uzito wa lami humiminwa tu katika tangi la lami. Ni rahisi, sikatai, ila baadhi yake hupoteza nguvu lami ikikaa tangini siku kadhaa ikiwa moto.

Ili kujua kama dawa imefanya kazi, kuchemsha mchanganyiko wa kokoto na lami majini kwa dakika 10 huonyesha kwa macho kiasi cha lami iliyobanduka. Mimi naamini zaidi kipimo kinacholinganisha nguvu ya vipande vikavu vya mchanganyiko huo na ya vile vilivyokaa saa 24 katika maji ya nyuzi 60 za Selsiasi. Vya majini vikibakiwa na chini ya asilimia 80 ya nguvu ya vile vikavu, mchanganyiko haujafaa.

Hata hivyo, hakuna dawa inayofidia ushindiliaji hafifu, kwani nafasi za hewa zikizidi asilimia 8 au hivi maji hupita kirahisi. Na lile shimo la Tabata liko hatua chache kutoka kwenye mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki. Kokoto zake, zenye chokaa au zisizo nayo, zimelala majini tangu Machi.