Mradi wa mwamba, Machi hadi Juni 2024: kumbe daftari langu lilikuwa linadanganya

Nimekaa kimya sana, simu za watu zimejaa mezani (kwa wageni, mimi ni fundi simu hapa Mikindani). Kwa kifupi: nina vichwa 12 vya matumbawe kwenye mwamba nje ya ghuba, nimevipa namba na kila bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) navipiga picha, maji yakishapwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi unasimama yanakufika kifuani. Ananipeleka babu mmoja wa mtaani na mtumbwi wake, mafuta yangu ni sukari na majani ya chai.

Fremu ya kupigia picha kwanza. Nilichukua bomba za plastiki za maji, mita kwa mita, nikaunga na gundi nikajiona fundi kweli, kufika naishusha inaelea. Babu alicheka mpaka kafi likamponyoka. "Mjukuu wangu, umetengeneza boya." Nikarudi nayo nyumbani nikaitoboa na msumari wa moto kila baada ya shibiri moja, sasa maji yanaingia ndani na inazama yenyewe.

Temometa nayo ilinitia aibu. Machi niliandika 34, nikawatangazia watu bahari inachemka, kumbe nilipima kwenye kidimbwi kilichobaki juu ya mwamba, jua limekipiga tangu asubuhi. Nimefuta ile. Siku hizi naifunga na kamba na jiwe naishusha chini kabisa, mwezi wa tatu ikawa inacheza 30 na 31.

Kwa nini nahangaika na digrii moja? Tumbawe si jiwe wala mmea, ni wanyama wadogo wadogo wenye mdomo katikati, hilo jiwe wamelijenga wenyewe, na ndani ya nyama yao wamepangisha vimwani vidogo hata macho hayavioni. Wapangaji hao ndio wanaotumia jua kutengeneza chakula, sehemu kubwa anakula mwenye nyumba, na rangi tunayoiona ni yao. Sasa maji yakipanda digrii moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto, yakakaa hivyo wiki kadhaa, wanakosana, vimwani vinatolewa nje na nyama inabaki kama kioo, unaona mfupa. Huko ndiko kupauka.

Tarehe 11 Aprili, Idd pili, nimeshiba pilau nikaingia majini nikakuta vichwa 7 vyeupe pee. Nikaandika "vimekufa 7" nikarudi mnyonge. Siku nne baadaye NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, na wenzao wakatangaza kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima, mara ya nne tangu ianze kurekodiwa, ya kwanza ilikuwa 1998 na mwaka ule Bahari ya Hindi upande huu iliumia vibaya. Nikajua basi, mradi umeisha.

Mwezi wa tano mwanzoni Kimbunga Hidaya, hakuna aliyeingia baharini. Bamvua iliyofuata maji yalikuwa kama chai ya maziwa, nimetoka na picha 40 za ukungu.

Tarehe 8 Juni ndio nikaona vizuri. Katika vile 7 "vilivyokufa", 4 vinarudisha rangi, wa kwanza ni ule upande wenye kivuli, ukahawia hafifu kama chai ya rangi iliyochujwa mara mbili. 2 vimeota manyoya ya kijani, hivyo kweli vimekwenda. Namba 5 mawimbi yamekipindua, uso umelala mchangani.

Ila kilichoniuma ni namba 9. Tangu siku ya kwanza nimekiandika "kizima, kahawia, safi", ndio kilikuwa mfano wangu wa afya! Babu kakitazama tu kutoka juu ya mtumbwi akasema hicho kilikufa zamani, si unaona samaki pono wanavyokikwangua. Nikazama mpaka pua inakaribia kugusa. Kwenye kizima unaona vishimo vishimo kama nyota na vimepangana, hapa hakuna, ni kapeti la mwani limefunika kila kitu, na pono wanafuata huo mwani. Yaani kilicho cheupe nilikizika hai na maiti nikaipa cheti cha afya. Nimerudia picha zote tangu mwanzo, usiku mzima.

Kwahiyo nimebadili utaratibu. Natumia njia ya CoralWatch ya Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia, kadi ya rangi yenye alama 1 mpaka 6, unaandika sehemu iliyopauka zaidi na iliyokolea zaidi. Nilijaribu kuichapisha stationari, wino wa njano umeisha, kila tumbawe likawa mgonjwa. Natafuta kadi halisi.

Upande wa kaskazini sihesabu kitu, ni kifusi cha uvuvi wa baruti wa miaka ile, vipande vinabingirika kila wimbi kwahiyo watoto wa tumbawe wakitua hawapati pa kushika. Babu akipita pale haongei.

Namba 5 tumekigeuza, mimi na yeye na mti wa tanga. Upande wa mchangani umekufa, juu kuna ukahawia wa kama kiganja changu. Tumekibana na mawe mawili. Tunarudi bamvua ya tarehe 23 kama kusi itaturuhusu.