Uso wa mbao ulioniliza

Jana usiku nilitazama rekodi ya bunraku, maigizo ya vikaragosi ya Japani. Kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu, waziwazi mbele ya watazamaji: mkuu wao hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu (vya kike kwa kawaida havina miguu, hivyo huchezesha pindo la vazi). Uso wa kikaragosi cha mwanamke nilichokitazama haukubadilika hata kidogo. Lakini kichwa kilipoinama na mabega yakashuka, machozi yalinitoka. Sanamu nyembamba za mchongaji Mswisi Alberto Giacometti nazo hunigusa hivyo hivyo, kwa mkao tu. Kwangu mimi, huzuni hukaa mabegani kabla haijafika usoni. Natamani sana kuwaona mafundi hawa jukwaani.