Mafunzo elekezi na kiti cha nyuma ya darasa

Mwaka 2014, muda mfupi baada ya kupata ajira kwa cheti cha ualimu cha Daraja A, nilitoka kwa shangazi Mbagala Rangi Tatu alfajiri kwenda kwenye mafunzo elekezi ya walimu wa ajira mpya. Maofisa walipokezana kutueleza maadili ya utumishi, likizo, mavazi, ujazaji wa fomu za OPRAS za kupima utendaji kazi wa mtumishi, na kipindi cha majaribio cha miezi 12 anachokitumikia mwajiriwa kabla ya kuthibitishwa kazini. Mchana waliingia mawakala wa mifuko ya pensheni, kila mmoja akituvutia kwake, na hao ndio waliosikilizwa kuliko wote. Hayo yalikuwa ya lazima, maana mtumishi asiyezijua haki zake huonewa kirahisi. Lakini hadi tunatawanyika jioni, hakuna aliyekuwa ametaja chaki wala mtoto.

Sehemu iliyobaki niliipata shuleni, tena kwa bahati ya kumkuta mwalimu wa taaluma mwenye moyo. Nilipangiwa darasa la pili lenye watoto zaidi ya mia moja, baadhi yao wakiketi sakafuni. Mama yule alipokea shikamoo yangu, akalipitia andalio la somo kwa makini, akaniambia, "Zuri, mwanangu. Leo keti nyuma, nifundishe mimi." Aliandika kwa herufi kubwa kwenye nusu ya juu ya ubao tu, ili walioketi chini wasizibwe na vichwa vya wenzao. Wasiojua kusoma hakuwatupa nyuma. Aliwapanga kandokando ya njia, na kila alipopita aliinama akamsomesha mmoja silabi mbili tatu, kisha akasonga mbele na kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha madaftari ya safu moja kwa ukamilifu na kuziachia safu nyingine siku zinazofuata. Kesho yake tulibadilishana: mimi ubaoni, yeye nyuma, na wakati wa chai tukakaa na daftari lake tukipitia alichokiona.

Wenzangu wengi wa ajira ile walikabidhiwa ratiba ya vipindi na boksi la chaki, basi. Siku hizi tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na walimu hukutana shuleni kwao kujadili ufundishaji. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, shuleni kwetu, mwalimu mzoefu anayetaka kuketi nyuma ya darasa la mgeni bado hulazimika kuiba muda huo kwenye vipindi vyake mwenyewe, kwa kuwa ratiba haimpunguzii hata kimoja.