Kisigino kimenitia adabu

Kila asubuhi nikishuka kitandani nilikuwa natembea kama nimekanyaga miiba. Kano ya nyuma ya kisigino imekaza, nikiibinya kwa vidole nakuta kinundu kinachouma. Kosa ni langu: niliruka kutoka kukimbia kilomita 25 kwa wiki hadi 45, tena nikaongeza vilima. Nikapumzika wiki mbili, maumivu yakaisha, nikakimbia, yakarudi palepale. Kumbe kupumzika tu hakuipi kano nguvu.

Kilichonisaidia ni zoezi la daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, la mwaka 1998. Unasimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, unajiinua kwa mguu usiouma, kisha unashusha kisigino cha mguu mbovu polepole hadi kipite usawa wa ngazi. Mara 15, seti tatu goti limenyooka, tatu limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Jumla 180 kwa siku, kwa wiki 12. Jamani, linachosha akili kuliko kigimbi!

Niko wiki ya 10. Jana nimekimbia dakika 20 taratibu, na leo nimeshuka kitandani bila kushika ukuta.