AC inakula kwa saa, si kwa kilomita

Oktoba ya Tabora usiniulizie. Mvua bado, vumbi tele, na ukiacha gari juani mchana, kile kichuma cha mkanda kinakuchoma paja kama pasi. Gari langu ni la umeme, viti saba, betri ya kilowati-saa 77, yaani uniti 77 za LUKU. Paa lote ni kioo. Aliyelibuni hajawahi kuegesha Isevya saa saba mchana.

Jumamosi tulikwenda Nzega kujadili mahari ya shemeji yangu. Tulijaa saba kamili. Kabla ya kutoka gari lilikuwa kwenye chaji. Programu yake ya simu ni ya Kichina na namba yangu haiitaki, kwa hiyo rimoti yangu ni kijana wa kidato cha pili: "Nenda kawashe AC." Dakika kumi kabla. Soketi ya ukutani inatoa kama kilowati mbili, na mwanzoni AC inavuta zaidi ya hapo, hivyo asilimia haikupanda. Sikujali. Hewa hupoa upesi. Wabishi ni viti na dashibodi, vimeshiba jua tangu asubuhi. Kuvipoza ndiko kunakokula umeme, basi heri umeme huo utoke ukutani nyumbani kuliko kwenye betri njiani.

Tulipofika lami nikabonyeza izunguke hewa ya ndani, maana kuvuta ya nje ni kupoza Tabora nzima. Mama mkwe akajifunika khanga mpaka kichwani. "Baba Neema, sisi si sato wa Mwanza."

"Samahani mama." Nikatoa 21 nikaweka 25, nikaongeza feni ili wajomba wa viti vya mwisho nao wapate. Kilomita kama 115, saa moja na nusu: AC ilikula uniti mbili na kidogo. Nikajiona fundi.

Kumbe bado. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hawahesabiwi haraka. Mimi mkwe na dereva, sina kauli pale, nikajifungia garini AC ikiwaka. Mwembe ulikuwepo, lakini maembe yameanza kuiva nami nina paa la kioo. Vijana wa bodaboda walikuwa wamelala chini yake. Saa tatu baadaye nikatazama: uniti tano zimekwenda! Kwa gari langu hizo ni kama kilomita 25, na tairi halijazunguka hata mara moja.

Mzee mwenye nyumba akanigongea kioo. "Mwanangu, huna hata shuka?" Lilikuwepo, jeupe. Tukalitandika juu ya paa, kwa nje, ncha tukazibana kwenye milango. Nje ndiko penyewe. Ukiliweka ndani, jua limeshapita kwenye kioo. Vioo vya madirisha nikaviacha wazi kidole kimoja, nikaenda kukaa na wa bodaboda.

Wakati wa kuondoka nilifungua milango yote kwanza, fukuto likatoka lenyewe. Tukaenda vioo vikiwa chini mpaka barabara kuu, ndipo nikafunga na kuwasha AC. Mama mkwe alisinzia kabla hatujamaliza mji.

Shuka sasa linakaa kwenye buti. Mke wangu anasema ni la kitanda cha wageni, na bado analiulizia.