Tatu ya pili

Jana nilimwaga mezani kile kikopo changu cha peni za zamani ili mwanangu ahesabu. Mwalimu wao kawaambia kwamba zamani pauni moja ya Uingereza ilikuwa peni 240, naye hataki kuamini. Alipofika kwenye peni ya 1935 akaniuliza, "Mama, hii ina thamani?" Nikamjibu kuwa hizo zipo tele. Nikanusa vidole vyangu, ile harufu ya shaba iliyoshikwashikwa, na mzee wa nyumba ya pili akanijia akilini kana kwamba kagonga mlango.

Nilivyoanza kukusanya sarafu ni hivi: senti kumi za bibi, Tanga, zenye tundu, kazitunga kwenye uzi. Moja ilikuwa na jina la Edward wa Nane, mfalme ambaye sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni Uingereza kwenyewe, lakini kwetu zilinunua chumvi. Ilikuwa na herufi H ndogo. Nilipohamia Birmingham ndipo nikajua kuwa H hiyo ni ya kiwanda cha sarafu cha Heaton, cha mji huuhuu, na kwamba zipo peni za 1912, 1918 na 1919 zenye H ileile kushoto kwa mwaka. Nikaanza kuzitafuta.

Mzee alisikia habari hiyo. Akaja jioni moja ya baridi na kopo la tumbaku, ndani yake leso, ndani ya leso peni moja. Ya 1933. Baba yake alimwachia, akamwambia asiiuze ila siku ya shida.

Mwaka ule peni zilikuwa zimejaa nchini, kwa hiyo zilipigwa chache mno, baadhi za kuwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Zinazojulikana ni kama saba. Mwaka 1970 wezi walichimba na kuiba moja iliyokuwa chini ya kanisa huko Leeds. Na sasa nyingine ilikuwa juu ya kitambaa changu cha meza, karibu na bakuli la sukari.

Sumaku haikuishika. Mizani ikasoma gramu 9.4, uzito wake hasa. Mapigo ya moyo nilikuwa nayasikia masikioni. Nikavuta taa, nikailaza ili mwanga upite ubavuni mwa sarafu, nikaweka kioo cha kukuzia jichoni.

Moja, tisa, tatu: zote zimelika sawasawa, kingo zake laini kama sabuni iliyotumika. Tatu ya pili haikuwa hivyo. Kichwa chake kilikuwa na kona kali, na tumbo lake lilikuwa nene kuliko la mwenzake. Tatu mbili za mwaka mmoja, zimekaa bega kwa bega, hazifanani. Kando yake shaba ilikuwa imekwanguliwa, mikwaruzo myembamba yote ikielekea upande mmoja, na pale mahali palikuwa pamebonyea kidogo sana. Nikageuza sarafu, nikairudisha. Niliangalia mara nne, nikitamani niwe nimekosea. Sumaku na mizani hazikuwa zimesema uongo: peni ilikuwa halali kabisa, ya 1935. Mtu alikaa na kijipatasi, kwa subira kubwa, akaichonga ile tano mpaka ikawa tatu.

Nilimwambia. Hakubisha. Aliomba kioo, akainama, na mimi nikamwekea pembeni peni yangu ya 1935 aone tano ilivyokuwa. Alitazama muda mrefu, chai yake ikapoa. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa: "Sasa baba yangu alidanganywa, au alinidanganya?"

Nilitafuta la kusema, sikulipata. Mikwaruzo ile hainiambii ni mkono wa nani.

Akaifunga tena kwenye leso, akaikunja kona kwa kona kama alivyoikuta, akashukuru, akaondoka. Tuliendelea kusalimiana mpaka alipofariki, ila habari ya peni hatukuirudia. Kuna siku nafikiri ningenyamaza. Kuna siku nafikiri alikuja kwangu kwa sababu alishaanza kushuku, na alihitaji mtu wa kumwambia.

Mwanangu alipanga zake kumi kumi, akafika mia moja na sita. Ile ya 1935 nilimwomba asiichanganye na nyingine.